Mkaa wa Debe la Tatu

Nachingwea, Jumatatu, 2 Septemba

Dokta Teodosia, msimamizi wangu wa chuo, aliniambia niwe na daftari moja tu la utafiti, lenye kurasa zenye namba, lisilochanwa karatasi. Ninalo. Hili ni jingine. Humu nitaandika yale ambayo mtahini hatayauliza.

Jina langu Hafidha. Nina miaka arobaini na mmoja, nafundisha kemia sekondari, vipindi ishirini na sita kwa wiki. Shahada ya uzamili niliyoianza ili niimalize kwa miaka miwili, sasa imeingia mwaka wa nne. Chuo kimeniandikia kwamba tarehe 13 Desemba, saa kumi jioni, tasnifu iwe imefika, la sivyo jina langu litaondolewa. Barua ilikuwa fupi na ya heshima. Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya maji, kisha nikaendelea kupanga foleni.

Jumatano, 4 Septemba

Mkuu wa shule, Mwalimu Filbert, amekuja kwenye stoo ya maabara niliyopewa nifanyie kazi. Akaviangalia vioo vyangu mezani, akavuta kiti.

"Mwalimu, nieleze kama unavyomweleza mzazi wa mwanafunzi."

Nikamweleza. Hii ni sola, lakini si kama zile za juu ya paa. Ni vioo viwili vidogo, kila kimoja kama kiberiti kwa ukubwa, vimebanwa pamoja kwa vibanio vya karatasi. Kioo cha kwanza kina utando wa poda nyeupe, ileile inayotiwa kwenye rangi za ukuta, nami nimeuloweka kwenye maji ya rozela mpaka ukawa mwekundu. Wekundu huo ndio unaokamata mwanga wa jua. Katikati kuna tone la dawa yenye iodini. Kioo cha pili kazi yake ni kuupokea umeme uliozunguka nje na kuurudisha ndani, ili mzunguko usikatike. Duniani kote kioo hicho hupakwa platini, na platini ni ghali, tena haipatikani kwetu. Mimi nataka nikipake kaboni: kinywe cha milima ya Ruangwa, lile jiwe jeusi la kwenye penseli, kilichosagwa na kuchanganywa na mkaa wa maganda ya korosho.

"Itawasha taa?"

"Haitawasha, Mkuu. Itasogeza namba kwenye kipimo."

Alifikiri kidogo. "Basi isogee kabla ya Novemba. Kidato cha nne wakianza mitihani, maabara na stoo nitavihitaji."

Alhamisi, 5 Septemba

Ufunguo wa stoo anao Mzee Dominiko, fundi sanifu wa maabara. Anastaafu tarehe 15 Novemba, na anatembea kama mtu aliyekwisha kustaafu. Nikimwomba chombo chochote, anaandika kwanza kwenye rejista, ananipa nisaini, ndipo anainuka. Akisoma kipimo, anaisoma namba, anafumba macho, anayafumbua tena aione upya, ndipo anaandika. Leo kusoma namba kumi kumemaliza mapumziko yote ya chai.

Nikamwambia, "Mzee, jua halitusubiri."

Akasema, "Namba haikimbii, mwalimu."

Kwa nini wazee wa namna hii ndio wanaoachiwa funguo?

Ijumaa, 6 Septemba

Vumbi. Umeme haukuwepo. Nimesahihisha madaftari tisini.

Likunja, Jumamosi, 14 Septemba

Nimekuja kwa mama. Mama yangu, Mwantumu, anaishi peke yake hapa Likunja tangu baba alipofariki. Ana mikorosho, ana shamba la ufuta, na nyuma ya nyumba ana kibanda anachobangulia korosho. Maganda anayatupa. Mimi nimeyafuata.

Tulichukua debe lenye mfuniko, tukalijaza maganda, tukalifukia kwenye moto mkali ili maganda yageuke mkaa bila kuwaka. Kinachotoka humo si moshi wa kuni. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayochoma ngozi kama asidi, na moshi wake ni mafuta hayohayo yaliyopanda hewani. Macho yalinitiririka mpaka nikawa sioni debe. Mama alikaa upande upepo unakotokea, amejifunga khanga mdomoni. Ncha za vidole vyake ni nyeusi tangu nikiwa mtoto. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama wote wako hivyo.

"Nilikusomesha uyakimbie haya maganda," alisema. "Sasa umeyarudia."

"Ni kazi ya shule, mama."

"Haya. Wewe una watoto wa watu wa kufundisha. Nionyeshe vizuri, nitachoma mimi."

Nilimwonyesha mara mbili. Kila wiki atachoma debe moja, na Masoudi wa bodaboda ataniletea Nachingwea. Nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimechoka, na alichosema kilinipunguzia Jumamosi zote.

Nachingwea, Jumatatu, 23 Septemba

Debe la kwanza. Nimeuosha mkaa, nimesaga, nimechanganya na kinywe, nimepaka kioo. Tumepima juani saa sita. Kioo cha platini kimetoa ufanisi, yaani sehemu ya mwanga iliyogeuka umeme, wa asilimia 0.58. Cha kwangu 0.29. Nusu kamili.

Jumatatu, 30 Septemba

Debe la pili. 0.31.

Jumanne, 1 Oktoba

Debe la tatu limefika likiwa chafu. Vipande vina ungaunga mweupe, kama vimegaragazwa kwenye majivu. Nimempigia mama.

"Mama, haya umeyafanyaje?"

"Nimeyachoma kama ulivyosema."

"Mbona yana majivu? Mama, usiongeze kitu. Usipunguze kitu. Fanya nilivyokufundisha basi."

Nilisikia kuku kwenye simu.

"Haya," akasema.

"Haya" ya mama ina maana nyingi. Sikuuliza hii ilikuwa ipi. Nusu ya debe nimeimwaga kwenye shimo la taka, iliyobaki nimeiosha kwa maji na asidi kidogo kama kawaida.

Jumatatu, 7 Oktoba

Niandike polepole.

Nilikuwa na kipindi cha kidato cha pili, nikamwachia Mzee Dominiko avibane vioo na kuvitoa juani. Niliporudi saa sita na nusu, anga haina hata wingu, nilimkuta amechuchumaa mbele ya kipimo, macho ameyafumba. Akayafumbua, akaandika. Kisha akanipa karatasi.

0.64.

Nilisoma namba zote za kati, volti na ampea, nikapiga hesabu upya kwa kikokotoo, kisha kwa mkono. 0.64. Mkaa wa maganda ya korosho umeipita platini.

"Mzee, una hakika?"

"Ndivyo kilivyosomeka."

Sikuruka wala sikulia. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikasikia miguu inauma, kana kwamba nimetembea tangu mwaka juzi na sasa ndiyo nimeruhusiwa kuketi. Nikampigia Dokta Teodosia.

"Hongera, Hafidha," alisema. "Sasa rudia. Mkaa mpya, vioo vipya, mara tatu. Mara moja si matokeo."

Jumanne, 8 Oktoba

Unga wa debe la tatu umekwisha kwenye kioo kile kimoja na kingine kilichopasuka nikikikausha. Nimekwenda kwenye shimo la taka. Wamechoma taka Ijumaa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Debe la nne, safi kabisa, halina majivu. 0.30.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimerudia. 0.28.

Alhamisi, 17 Oktoba

0.30. Joto limekuwa la kukaa ndani ya nguo pamoja nawe. Wanafunzi wanalala nikiwa ubaoni, nami siwalaumu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Debe la tano. 0.31. Vioo vyenye utando mweupe vimebaki tisa, na vingine siwezi kuvipata kabla ya Desemba.

Mama alipiga kuniuliza kama mkaa ni msafi. Nikasema ni msafi. Alikuwa anakohoa. Nikamwambia anywe maji ya moto.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimeota namba. Hata ndotoni zilikuwa ndogo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nimefanya jambo, na bado sijui kama nimefanya sawa.

Asubuhi nilifungua kisanduku cha vioo vya platini. Vinatakiwa viwe vitatu. Vilikuwa viwili. Nilivihesabu kama mtu anayetarajia hesabu ibadilike. Halafu mambo yote yakajipanga kichwani yenyewe. Siku ile ya 0.64 sikuwepo. Aliyebana vioo ni Mzee Dominiko. Macho yake si ya kijana, na kioo cha platini na cha kaboni vikiwa vimefunikwa vinafanana. Alichukua platini akadhani ni kaboni. Kikavunjika baadaye, akakitupa akanyamaza. Ndiyo maana hairudi. Haikuwahi kuwepo.

Nilimkuta kwenye maabara anapanga chupa. Mkuu Filbert alikuwepo, anakagua meza za mitihani. Ningeweza kungoja atoke. Sikungoja.

"Mzee Dominiko, kile kioo cha platini umekipeleka wapi?"

"Kipi, mwalimu?"

"Ulichokifunga tarehe saba ukaniambia ni cha kaboni. Kimevunjika? Sema tu kimevunjika."

Aliweka chupa aliyoishika. "Mimi nilifunga kile ulichoniachia mezani."

"Umeniharibia wiki mbili. Nimemwambia msimamizi wangu uongo kwa sababu yako. Kama huoni vizuri, si ungesema?"

Mkuu aliniangalia, akamwangalia yeye. Mzee Dominiko akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauweka mezani, akausogeza kwa kidole mpaka ukawa mbele yangu. Kisha akaendelea kupanga chupa.

Mchana Mkuu alinieleza kwamba kifaa cha utafiti kikipotea hana njia nyingine, atamtaka Mzee Dominiko aandike barua ya kujieleza. Nilisema sawa.

Nimeikata namba ya tarehe 7 kwenye daftari la utafiti kwa mstari mmoja, na pembeni nimeandika: si ya kuaminika.

Ijumaa, 25 Oktoba

Ameandika barua yake. Mkuu ameiweka kwenye jalada. Wiki tatu kabla ya kustaafu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nasoma vipimo mwenyewe sasa. Nasoma haraka. 0.33, kisha kioo kilekile 0.27. Sijui ipi ni ya kweli, kwa hiyo nimeandika 0.30.

Likunja, Jumamosi, 2 Novemba

Masoudi alinipigia saa mbili asubuhi. Hakuleta debe. "Mwalimu, njoo. Mama ameungua jicho."

Nilipanda gari la kwanza la Ruangwa. Nilimkuta kituo cha afya, amekaa kwenye benchi na bandeji jicho la kushoto, pochi yake mapajani, kama mtu aliyekuja kumsindikiza mgonjwa. Jana alifungua mfuniko wa debe kabla halijapoa na mafuta yaliruka. Aliosha kwa maji peke yake, akalala, asubuhi hakuweza kulifumbua. Mganga amesema mboni imeungua. Litapona, lakini kama litaona kama zamani hawezi kusema.

"Kwa nini ulifungua likiwa la moto?"

"Moshi ulikuwa mwingi. Nilidhani limepasuka."

"Ungeniita."

"Ungekuja lini?" Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli, kama anayeuliza ratiba ya gari.

Likunja, Jumapili, 3 Novemba

Leo nimempikia uji, nimemtia dawa, nimefagia. Kwenye kibanda nimeona mikono ya mama kwenye kila kitu: alama nyeusi za vidole kwenye ndoo, kwenye mpini wa jembe, kwenye ukuta. Viganja vyake vina malengelenge mapya juu ya makovu ya zamani. Nilivishika akaniachia.

"Haya malengelenge ni ya wiki hii?"

"Ya hizi wiki zote. Maganda makavu yanatema mafuta. Lile debe moja tu halikunichoma."

"Debe lipi?"

"Lile ulilonigombeza."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

Akanieleza, na nilimfanya anieleze mara tatu. Baada ya madebe mawili ya kwanza mikono ilimuuma sana. Akafanya wanavyofanya wabanguaji wa hapa, ambao hujipaka majivu ili mafuta yasiwashike, ila yeye aliona apakwe yule anayechoma, yaani ganda, si anayechomwa. Alichoma mabua ya ufuta, akachuja magadi ya majivu yake, yale yale anayotia kwenye kisamvu, akaloweka maganda humo siku mbili. Maji yakatoa povu kama sabuni. Akayaanika bila kuyaosha, akayachoma. Moshi ulipungua, hata majirani walisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisiongeze kitu."

Mimi ni mwalimu wa kemia. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba majivu ya mimea yana potashi, na potashi na mafuta hutoa sabuni. Na nimesoma, kwenye makala ambazo nimezichapisha na kuzipigia mistari, kwamba mkaa ukichomwa pamoja na potashi hutobolewa vitundu vidogo visivyohesabika, kila kitundu kikawa uso mpya wa kufanyia kazi. Watu hununua potashi hiyo kwenye chupa za maabara. Mimi sikuwa na chupa hiyo, nikaiondoa kwenye mpango wangu mwaka jana. Mama alikuwa nayo kwenye sufuria. Nilimpigia simu nikamkataza.

Alinigeuzia jicho lake zima. "Nilikosea?"

"Hapana, mama. Hukukosea."

Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Nachingwea, Jumanne, 5 Novemba

Nimemweleza Dokta Teodosia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na kile kioo cha platini ulichodhani kimechukuliwa?"

"Bado hakijaonekana."

"Hafidha, ulipokuja Agosti uliniachia kimoja nikakipime huku. Kiko kwenye droo yangu. Nilidhani unakumbuka."

Sikukumbuka. Nakumbuka sasa: basi la usiku kucha, homa, bahasha mkononi. Karibu wiki mbili nimeishi na kosa la mtu mwingine, kumbe ni langu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda kwa Mkuu Filbert kabla ya mstari wa asubuhi. Nilisema: kioo ninacho mimi, yaani kiko chuoni Dar, nilikipeleka mwenyewe. Mzee Dominiko hakuharibu chochote.

Alivua miwani. "Barua yake imo kwenye jalada, na nakala imekwenda halmashauri."

"Iondolewe."

"Karatasi ya jalada haichanwi, mwalimu. Ninachoweza ni kuweka nyingine juu yake. Andika."

Nimeandika nusu ukurasa. Ni maandishi magumu kuliko tasnifu yote. Nilipotoka kumtafuta Mzee Dominiko, mlinzi akaniambia amechukua siku zake za likizo zilizobaki na amekwenda kwao Nanganga. Hakutaka kuagwa kwa soda.

Jumatatu, 11 Novemba

Mitihani imeanza. Stoo imefungwa kwa lakiri. Kipimo na vioo tisa viko nyumbani kwangu, juu ya kabati.

Likunja, Jumamosi, 16 Novemba

Nipo hapa tangu Jumatano; maganda yamelowekwa siku mbili, na leo nimechoma debe mwenyewe. Mama alikaa upande wa upepo, jicho moja limefunikwa, akaniongoza. Kiasi cha majivu, rangi ya maji ("yawe kama chai ya rangi, siyo hivyo, hiyo ya mgonjwa"), mpaka povu likatike. Nimepima kila kitu kwa mizani na saa na kukiandika. Alinicheka nilipopima majivu kwa gramu.

"Ukiniandika humo, andika jina langu lote," alisema. "Mwantumu binti Bilali Chilumba. Wako Mwantumu wengi."

Moshi ulikuwa mdogo. Debe nimeliacha lipoe mpaka kesho.

Nachingwea, Jumapili, 24 Novemba

Kioo cha kwanza cha mkaa wa magadi, uani kwangu, saa sita. 0.61.

Nilikisoma, nikafumba macho, nikakisoma tena. Nilijiona nikifanya hivyo, nikaona aibu.

Jumanne, 26 Novemba

Kioo cha pili. 0.66. Kimezidi hata cha Oktoba. Nimemtumia Dokta Teodosia, amejibu kwa mstari mmoja: kubwa sana hii, andika sura ya nne haraka.

Alhamisi, 28 Novemba

Cha tatu. 0.57.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua ya kwanza. Mawingu mpaka jioni. Nimeandika sura ya nne. Wastani wa namba tatu unaizidi platini, na sentensi hiyo nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena.

Jumatano, 4 Desemba

Mama ameondolewa bandeji. Anaona mwanga na umbo, hasomi sura. Mganga anasema arudi Machi. Mama anasema korosho zilizobaki atabangua kwa kupapasa. Nimemwambia msimu huu habangui. Kwa mara ya kwanza hakubishana, na hilo ndilo lililonitisha.

Nanganga, Jumamosi, 7 Desemba

Nimemfuata Mzee Dominiko. Ningeweza kupiga simu, lakini matusi sikuyasema kwa simu.

Nyumba yao iko ndani kidogo kutoka barabarani, na mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo, udongo umelainika. Mkewe, Mama Valentina, alikuwa mlangoni anapepeta mbegu. Aliniangalia toka viatu mpaka mtandio.

"Wewe ndiye mwalimu wa vioo," akasema. Hakuuliza. "Yuko shambani."

Alikuwa anapanda mahindi, kamba imenyooshwa toka kijiti hadi kijiti, na kila shimo amelipima kwa fimbo. Nilisalimia. Akaitikia. Nilisema niliyoyabeba: kioo nilikipeleka Dar mimi, nilimtuhumu mbele ya Mkuu bila kujua, nimeandika barua na nakala yake hii hapa, naomba radhi.

Aliisoma barua, mara mbili, kwa mwendo wake. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Nilijua kiko Dar," akasema.

"Ulijua?"

"Rejista, ukurasa wa Agosti. Kioo cha platini, kimoja, kinapelekwa chuo. Umesaini mwenyewe."

"Mzee, kwa nini hukunionyesha siku ile?"

"Hukuniuliza, mwalimu. Uliniambia."

Alirudi kwenye kamba yake. Nilisimama. Mbele yangu kulikuwa na kopo la mbegu, na mashimo yaliyochimbwa yalikuwa yanangoja. Nikainama nikaanza kutia, mbili mbili, nikifukia kwa mguu. Hakunikataza. Tulimaliza mstari mmoja hivyo, na wa pili.

Mwanzo wa mstari wa tatu akauliza, "Ile ya tarehe saba ilikuwa nini basi?"

Nikamweleza habari ya magadi na ufuta. Alisikiliza ameegemea jembe.

"Na umerudia?"

"Mara tatu. 0.61, 0.66, 0.57."

"Anga ilikuwaje?"

"Ya kwanza safi. Ya tatu safi."

"Ya pili?"

Nilikuwa naijua ya pili. Nilikuwa nimeijua tangu siku ile. "Kulikuwa na wingu jepesi. Lilipita wakati nasoma kipima mwanga, kisha jua likatoka nikasoma umeme."

Alisogeza kijiti cha kamba hatua moja, akakigongomea.

"Nimebakiza siku sita, Mzee. Mvua zimeanza. Huenda jua lisitoke."

"Huenda," akasema.

Nilimwambia nataka jina lake liwe kwenye ukurasa wa shukrani. Alitikisa kichwa. Shukrani, alisema, wanaandikwa hata waliopika chai. Kama nataka, niirudishe ile namba niliyoikata, na mbele yake niandike nani aliisoma.

Mama Valentina alinipa maji ya kunawa miguu nilipoondoka. Hakunipa kitu kingine, na sikustahili.

Nachingwea, Jumatatu, 9 Desemba

Mvua kutwa.

Jumanne, 10 Desemba

Mawingu. Saa nane jua lilitoka dakika nne. Hazitoshi.

Jumatano, 11 Desemba

Asubuhi ukungu. Nimefundisha nikiangalia dirisha. Saa sita kasoro robo anga ilifunguka, bluu tupu toka upande wa Masasi mpaka juu yangu. Niliwaachia kidato cha tatu zoezi, nikakimbia nyumbani na viatu vya matope, nikatoa kioo kilekile cha pili.

Nilisoma mwanga. Nilisoma umeme. Nilisoma mwanga tena kuhakikisha haukubadilika. Nilirudia vyote mara tatu mpaka wingu la kwanza lilipofika.

0.59.

Basi haikuishinda platini. Wastani wa vioo vitatu sasa ni 0.59 na platini ni 0.58, tofauti ndogo kuliko kosa la kipimo. Imelingana nayo: maganda yanayotupwa, kinywe cha mlimani na majivu ya ufuta vimefanya kazi ya platini, bila kuizidi. Sentensi yangu nzuri ya sura ya nne imekufa. Nimeketi kwenye ngazi ya uani, sketi imelowa, nikaifuta kwa kalamu na kuandika nyingine yenye neno "sawa".

Kisha nikafungua ukurasa wa Oktoba. Nilipokata kwa mstari nimeandika upya pembeni: 0.64, kipimo kimoja, anga safi. Kimesomwa na D. Nampunga, fundi sanifu wa maabara. Mkaa umetayarishwa na Mwantumu binti Bilali Chilumba, Likunja. Chini yake, kwenye safu ya makosa ya upimaji, nimeandika tarehe 26 Novemba, 0.66, imefutwa: msomaji hakungoja wingu lipite. Na mbele ya neno msomaji nimeandika jina langu lote.